Kipimajoto kipi kwa kazi ipi: zebaki, alkoholi, metali mbili, umeme au infraredi?

Kila kipimajoto hujipima chenyewe. Ukikitumbukiza kwenye maji ya moto, joto hutoka kwenye maji, huingia kwenye kioo, kisha kwenye kimiminika kilichomo ndani, mpaka vyote vifikie halijoto moja. Hapo ndipo namba unayoisoma inapokuwa ya maji pia. Kabla ya hapo ulikuwa unasoma halijoto ya kipimajoto kilicho njiani. Watu wengi huchagua kifaa hiki kwa kutazama kinaishia nyuzi ngapi, au kinaonyesha desimali ngapi. Kwa maoni yangu maswali yanayoamua ni matatu, na hakuna hata moja linaloandikwa kwenye boksi: joto litafikaje kwenye kihisi, litachukua muda gani, na kifaa kitanyonya joto kiasi gani kutoka kwenye kile unachokipima?

Swali la tatu ndilo linalosahauliwa zaidi, kwa hiyo nianze nalo. Joto ni nishati inayohama kutoka chenye moto kwenda chenye baridi. Halijoto hutuambia joto litahamia upande gani. Gramu moja ya maji huhitaji takriban jouli 4.2 ili ipande nyuzi 1 ya Selsiasi. Chukua kipimajoto ambacho sehemu yake inayozama nayo huhitaji jouli 4.2 kupanda nyuzi 1, yaani hula joto sawa na gramu 1 ya maji. Kikiwa na nyuzi 20, kitie kwenye gramu 10 za maji yenye nyuzi 80. Vitakutana kwenye nyuzi 74.5. Utasoma 74.5, na namba hiyo ni ya kweli kabisa, kwa sababu kipimajoto kimeyapoza maji. Halijoto uliyotaka kuijua haipo tena. Kitie kifaa hichohicho kwenye lita nzima ya maji ya nyuzi 80 na utasoma 79.9. Kifaa hakijabadilika, kilichobadilika ni wingi wa kinachopimwa. Ndiyo maana hakuna kipimajoto bora kwa kila kazi, na ndiyo maana ulinganisho huu utarudi tena na tena kwenye ukubwa wa kihisi.

Zebaki na alkoholi

Hivi viwili hufanya kazi kwa kanuni moja: kimiminika hutanuka kikipata joto, na kwa kuwa kimefungiwa kwenye mrija mwembamba, mtanuko mdogo huonekana kama mwendo mrefu. Zebaki hutanuka kwa takriban sehemu 0.00018 ya ujazo wake kwa kila nyuzi. Alkoholi hutanuka kwa takriban 0.0011, mara sita zaidi. Kwa macho ya haraka alkoholi imeshinda.

Lakini kioo nacho hutanuka. Kioo cha kawaida huongeza ujazo wa nafasi iliyo ndani yake kwa karibu 0.000027 kwa kila nyuzi, kwa hiyo tunachokiona kikipanda ni tofauti kati ya mtanuko wa kimiminika na mtanuko wa chombo chake. Kwenye zebaki, kioo hufuta karibu asilimia 15 ya mtanuko; kwenye alkoholi hufuta chini ya asilimia 3. Kipimajoto cha zebaki kilichotengenezwa kwa kioo kisichofaa kitakosea zaidi kuliko cha alkoholi chenye kosa hilohilo. Unaweza kuiona hali hii kwa macho yako: chovya kipimajoto ghafla kwenye maji ya moto, uangalie kwa makini. Kimiminika kinaweza kushuka kidogo kabla ya kupanda, kwa sababu kioo hupata joto kwanza na kutanuka kabla kilicho ndani hakijaanza.

Upande wa kasi, zebaki ina faida kubwa. Ni metali, na hupitisha joto karibu mara hamsini kuliko alkoholi. Haishiki kwenye kioo, kwa hiyo uzi wake, yaani mstari wa kimiminika ndani ya mrija, hupanda na kushuka bila kuacha mabaki. Alkoholi hulowanisha kuta za mrija. Ukikisoma mara tu baada ya kushuka, sehemu yake bado imebaki juu imenata ukutani, na mvuke wake unaweza kutonesha matone kwenye ncha ya mrija hadi uzi ukatike vipande. Kipimajoto cha alkoholi chenye uzi uliokatika kinadanganya kwa ukubwa wa pengo lile, na wengi hukitumia hivyohivyo kwa miaka.

Mipaka yao inatofautiana sana. Zebaki huganda kwenye nyuzi 39 chini ya sifuri na huchemka kwenye 357. Alkoholi huganda kwenye 114 chini ya sifuri lakini huchemka kwenye 78. Basi penye baridi kali zebaki haina nafasi, na penye maji yanayochemka alkoholi safi haina nafasi. Ukiona kipimajoto chenye uzi mwekundu au wa bluu kinachofika nyuzi 110 au zaidi, aghalabu ndani yake kuna mafuta yaliyotiwa rangi, hata kama kila mtu anakiita cha alkoholi.

Na maji je? Hayafai, ingawa ni rahisi kupatikana. Huganda kwenye 0, na kati ya 0 na 4 hufanya kinyume, yaani husinyaa yanapopata joto. Kipimajoto cha maji kingeonyesha nyuzi 1 na nyuzi 7 karibu mahali pamoja.

Daniel Gabriel Fahrenheit alitengeneza kipimajoto cha zebaki mwaka 1714, na kwa zaidi ya karne mbili ndicho kilichoaminiwa maabara na hospitalini. Kwa fizikia tupu, kilistahili. Kinachokiondoa leo ni sumu. Zebaki iliyomwagika hutoa mvuke usioonekana wala kunusika, na mvuke huo huingia mwilini kwa njia ya pumzi. Mkataba wa Minamata kuhusu Zebaki ulipitishwa mwaka 2013, ukaanza kutumika mwaka 2017, na uliweka 2020 kuwa mwisho wa kutengeneza, kuingiza na kuuza nje vipimajoto vya zebaki, isipokuwa kwa matumizi machache yaliyoruhusiwa. Ushauri wangu hauna masharti: usinunue kipya cha zebaki. Kama unacho cha zamani, usikitupe kwenye taka wala kukichoma. Kipeleke panapopokelewa taka za sumu. Kikivunjika, fungua madirisha, waondoe watoto, usifagie kwa ufagio, kwani ufagio huyasaga matone yakawa madogo zaidi na kuzidisha mvuke. Yakusanye kwa kipande cha karatasi ngumu, uyaweke kwenye chupa yenye kifuniko kinachokaza.

Kwa darasani, hata hivyo, kipimajoto cha kimiminika chenye rangi kingali chaguo langu la kwanza. Mwanafunzi anaona mtanuko wenyewe ukitokea. Skrini humpa namba tu, na sababu yake inabaki imefichwa. Mfundishe kitu kimoja cha ziada: jicho liwe sawa na ncha ya uzi. Anayesoma kutoka juu na anayesoma kutoka chini hupata majibu mawili.

Utepe wa metali mbili

Hapa ni mtanuko tena, safari hii wa yabisi. Fimbo ya shaba ya njano yenye urefu wa mita 1 ikipandishwa nyuzi 100 hurefuka karibu milimita 1.9. Fimbo ya inva, aloi (mchanganyiko wa metali) ya chuma na nikeli, hurefuka takriban milimita 0.12 tu. Ziunganishe tepe mbili za namna hiyo ubavu kwa ubavu: zikipata joto, moja inataka kurefuka na nyingine inakataa, kwa hiyo utepe wote hujikunja. Ukizungushwa kama springi, kujikunja huko huzungusha mshale kwenye uso wa duara. Inva ni kazi ya Charles Édouard Guillaume, ambaye alipewa Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 1920 kwa uvumbuzi wake katika aloi za nikeli na chuma.

Kifaa hiki hakina betri, hakina kioo cha kupasuka ndani ya chakula au mtambo, na kinavumilia moto wa tanuri ya kuokea. Udhaifu wake uko mahali ambapo wanunuzi hawaangalii: springi inayohisi joto hujaza sentimita kadhaa za shina, haiko kwenye ncha peke yake. Ukikichomeka kidogo kwenye kitu chembamba, unapata wastani wa kitu hicho na hewa iliyo nje. Ni kizito pia, hivyo ni cha polepole, na kosa la nyuzi 1 au 2 ni jambo la kawaida. Kikianguka mshale unaweza kuhama. Vingi vina nati nyuma ya uso ya kuurudisha, na ukiwa na uchaguzi, chukua chenye nati hiyo.

Vya umeme: thamista, platini na themokapo

Kwenye skrini vinafanana, na hapo ndipo uchaguzi unapokuwa mgumu. Ndani ni vitu vitatu tofauti kabisa.

Thamista ni punje ya keramiki ambayo ukinzani wake wa umeme, yaani kiasi inavyouzuia umeme kupita, hushuka inapopata joto, kiasi cha asilimia 4 kwa kila nyuzi kwenye halijoto za kawaida. Huo ni ubadilikaji mkubwa, kwa hiyo saketi rahisi huweza kuugundua. Punje inaweza kuwa ndogo kama kichwa cha pini, haili joto jingi, na hujibu haraka. Ndiyo iliyomo kwenye vipimajoto vingi vya dijitali vya kupima homa. Haiendi mbali: nyingi hufanya kazi kati ya nyuzi 50 chini ya sifuri na 150 juu.

Platini huenda taratibu na kwa uaminifu. Kihisi cha kawaida cha metali hii kina ukinzani wa omu 100 (omu ni kizio cha ukinzani) kwenye nyuzi 0 na omu 138.5 kwenye nyuzi 100. Sifa yake ni kutobadilika: leo, mwakani, na miaka mingi baadaye jibu ni lilelile. Skeli ya Kimataifa ya Halijoto ya mwaka 1990 imetegemea kipimajoto cha platini kuanzia karibu nyuzi 259 chini ya sifuri hadi 961.78, pale fedha inapoganda. Kama kazi yako ni kuvikagua vipimajoto vingine, au kupima jambo litakaloendelea kwa miaka, usihangaike kutafuta kingine. Ila kuna mtego mmoja. Ili kusoma ukinzani lazima mkondo wa umeme upite, na mkondo hukipasha kihisi joto. Mkondo ukiwa mkubwa kupita kiasi, hasa kwenye hewa tulivu, kihisi hujipandishia halijoto chenyewe na kukuletea namba hiyo kama ya hewa.

Themokapo ni nyaya mbili za metali tofauti zilizounganishwa. Thomas Johann Seebeck aligundua mwaka 1821 kwamba maungio mawili yakiwa na halijoto tofauti, umeme huzuka kwenye mzunguko. Kwa aina ya K, inayotumika zaidi na kutengenezwa kwa aloi mbili za nikeli, ni takriban mikrovolti 41 kwa kila nyuzi. Volti hizo ni ndogo mno, lakini nyaya zenyewe huvumilia zaidi ya nyuzi 1,000, na ungio likiwa jembamba kama unywele hujibu chini ya sekunde moja. Hakuna kingine katika orodha hii kinachokaa ndani ya tanuri ya vyungu au ya metali. Ujue tu kwamba themokapo hupima tofauti kati ya ncha ya moto na ncha iliyo ndani ya mashine. Ili kupata halijoto kamili, mashine lazima ijue halijoto yake yenyewe, na mara nyingi huipata kwa thamista iliyofichwa ndani. Ukiiacha mashine juani au kando ya moto, kosa linaingia kwa mlango wa nyuma. Hata ikitunzwa vizuri, aina ya K ya kawaida hukosea nyuzi 2 hivi bila kuwa mbovu.

Neno moja kuhusu desimali, kwa sababu ndizo zinazouza vifaa hivi. Skrini inayoandika 36.87 inaweza kuwa imekosea nusu nyuzi nzima. Idadi ya tarakimu hueleza jinsi kifaa kinavyogawanya namba. Usahihi huandikwa kando, kwa alama ya kujumlisha na kutoa. Kisichoandikwa usahihi wake popote, kiache dukani.

Infraredi

Kila kitu chenye joto hutoa mionzi isiyoonekana. William Herschel aligundua mionzi ya infraredi mwaka 1800 alipoweka kipimajoto nje kidogo ya rangi nyekundu ya mwanga uliotawanywa na prizimu, akakikuta kimepanda. Kipimajoto cha infraredi hukusanya mionzi hiyo kwa lenzi bila kugusa kitu, kwa hiyo hakinyonyi joto la kinachopimwa na hujibu papo hapo. Kwa kitu kinachozunguka, chenye umeme, au kisichofikika, hakuna mpinzani wake. Kanuni ya kujipima nayo haijavunjwa: mionzi huangukia rundo la themokapo ndogo, huzipasha, na mashine huhesabu kutokana na halijoto ya kihisi chake. Ndiyo sababu kifaa kilichotoka kwenye baridi na kuingizwa kwenye joto kinahitaji muda wa kutulia kabla ya kutumika.

Tatizo ni kwamba vitu havitoi mionzi kwa kiwango kimoja. Ngozi ya binadamu hutoa karibu asilimia 98 ya mionzi inayowezekana kwa halijoto yake, maji karibu 96. Alumini iliyong'arishwa hutoa chini ya 10, na iliyobaki unayoiona ikitoka kwake ni mionzi ya kuta na dari iliyoakisiwa. Elekeza kifaa kwenye sufuria inayong'aa yenye maji yanayochemka, na kinaweza kukuambia halijoto ya chumba. Dawa ni rahisi: bandika utepe mweusi usiong'aa kwenye metali, subiri upate moto wake, upime utepe. Dirisha nalo huzuia mionzi hii. Ukipima kupitia kioo unapima kioo.

Nukta nyekundu ya leza haipimi chochote. Huonyesha tu katikati ya eneo. Kifaa chenye uwiano wa 12 kwa 1 kikiwa umbali wa sentimita 12 hupima duara la sentimita 1. Kikiwa sentimita 120, duara la sentimita 10. Kitu kidogo kikipimwa kutoka mbali huchanganywa na kilicho nyuma yake.

Kwa kazi yako

Kwa homa ya mgonjwa, chukua cha dijitali cha kugusa, chenye thamista. Cha infraredi cha paji la uso kinafaa kuwachuja watu wengi kwa haraka, lakini kinasoma ngozi, na ngozi hupozwa na jasho, upepo na baridi. Namba yake ikikupa wasiwasi, hakiki kwa cha kugusa.

Kwa kimiminika kingi, kama ndoo ya maji, karibu chochote kitafaa. Kwa matone machache, thamista ndogo au themokapo nyembamba pekee, kwa sababu ile ya hesabu ya gramu 10 tuliyoanza nayo.

Kwa hewa, aina ya kifaa ina uzito mdogo kuliko mahali kinapowekwa. Kipimajoto kilichopigwa na jua hupata joto lake kwa mionzi na kukuonyesha halijoto yake, juu sana ya hewa inayokizunguka. Kiwe kivulini, hewa ikipita, mbali na ukuta, juu ya ardhi kati ya mita 1.25 na 2 kama vituo vya hali ya hewa vinavyofanya.

Kwa friji ya chanjo, ambayo nyingi hutunzwa kati ya nyuzi 2 na 8, kihisi cha haraka kinaweza kuwa balaa. Mlango ukifunguliwa, hewa ya ndani hupanda mara moja ilhali dawa iliyomo chupani haijahisi kitu. Wenye ujuzi huzamisha kihisi kwenye kichupa cha glaiseroli, kimiminika kizito, ili kiende polepole kama dawa inavyokwenda. Hapa uzito uliokuwa kasoro umekuwa ndicho kitu kinachotakiwa.

Kwa tanuri kali ni themokapo. Kwa tanuri ya kuokea metali mbili inatosha.

Chochote utakachochukua, kikague kabla ya kukiamini. Ponda barafu iliyotengenezwa kwa maji safi, ijaze kikombe, mimina maji baridi hadi yafunike mapengo tu, koroga, subiri dakika chache, kisha tia kihisi katikati bila kugusa kuta wala kitako. Kinatakiwa kisome 0. Chumvi hata kidogo huishusha namba hiyo. Kwa ncha ya juu tumia maji yanayochemka, ukikumbuka kwamba 100 ni ya usawa wa bahari: ukipanda mlimani, maji huchemka chini kwa takriban nyuzi 1 kwa kila mita 300. Vya infraredi navyo hukaguliwa kwenye barafu hiyohiyo, ukielekeza kutoka karibu juu ya uso uliokorogwa. Andika tofauti uliyoiona kwenye karatasi, uibandike kwenye kifaa, na ukirudie kipimo hiki kila kifaa kinapoanguka.